Kothimbir vadi: kitafunwa cha kotmiri na unga wa dengu kutoka Maharashtra

Ukitaja unga wa dengu, wengi wetu wa Pwani akili inakimbilia kwenye bajia, na ni haki yake. Lakini unga huohuo una mambo mengine. Katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, kwenye miji ya Mumbai na Pune na vijiji vilivyoizunguka, wanauchanganya na lundo la kotmiri, wanaupika kwa mvuke, wanauacha upoe, wanaukata vipande, kisha ndipo wanavikaanga. Nje vinakuwa vikavu na vya kuvunjika, ndani ni laini na vimejaa majani. Vinaitwa kothimbir vadi. Kothimbir ni kotmiri yenyewe, kama sikio linavyokuambia (Kenya wanaiita dania, na Tanzania bara wengi wanasema giligilani).

Wahindi wengi waliohamia Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, ndiyo maana chevda na ganthia tumezizoea hadi tunaona ni zetu, na hii ya Wamaharashtra haijatufikia sana. Kwao ni kitafunwa cha saa kumi, cha kuliwa na chai ya maziwa. Pia huwekwa kando ya wali na dali nyepesi waiitayo varan, ambayo haina viungo vingi, ili mlo upate kitu cha kutafuna. Msimu wake hasa ni miezi ya baridi, kotmiri inapofurika sokoni na bei ikashuka. Mvua za monsuni zikianza, majani huoza shambani, bei hupanda, na vadi huadimika mezani.

Kabla hujafungua mfuko wa unga, shika jambo moja, maana yote yanayofuata yanatoka hapo: kotmiri ndiyo chakula, unga ni gundi tu. Anayezidisha unga hupata tofali. Na anayezidisha maji hulazimika kuzidisha unga, kwa hiyo naye hupata tofali, ila kwa njia ndefu zaidi. Kwa uzito, kotmiri iushinde unga.

Mahitaji

Hiki ni kipimo cha miche miwili ya donge, mfano wa miche ya sabuni, yaani vipande 25 hadi 30. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250.

- Kotmiri mbichi, vicha vikubwa viwili. Ikishakatwakatwa iwe gramu 150 hivi, au vikombe vitatu vilivyojaa bila kushindiliwa
- Unga wa dengu, kikombe kimoja (kama gramu 120)
- Unga wa mchele, vijiko vikubwa viwili
- Ufuta, kijiko kikubwa kimoja, na mwingine kidogo wa kukaangia
- Karanga zilizokaangwa na kupondwa chembechembe, vijiko vikubwa viwili, ukipenda
- Pilipili mbichi tatu, tangawizi kipande kidogo na punje tano za kitunguu saumu, vyote vitwangwe pamoja
- Manjano, nusu kijiko cha chai
- Pilipili nyekundu ya unga, nusu kijiko cha chai
- Bizari nyembamba ya unga na mbegu za giligilani zilizosagwa, kijiko kimoja cha chai kwa kila moja
- Mvuje, robo kijiko cha chai
- Sukari au sukari guru iliyokunwa, kijiko kimoja cha chai
- Chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa
- Mafuta, kijiko kikubwa kimoja cha kukandia, na mengine ya kukaangia
- Mbegu za haradali, nusu kijiko, za kukaangia
- Ndimu mbili za mezani

Maneno machache dukani

Unga wa dengu ni ule wa njano wa bajia, unaosagwa kutoka dengu ndogo za maganda ya kahawia zilizobanguliwa. Ukiwa Kenya sema wazi kwamba unataka unga wa bajia, maana ndengu za huko ni zile za kijani tunazoziita choroko, na unga wake haushiki namna hii. Chukua mfuko wenye mzunguko mzuri dukani, usiwe wa kufutwa vumbi. Unga uliokaa sana huwa na ukali wa mafuta yaliyochacha, na hakuna pilipili itakayouficha. Ukifika nyumbani uchekeche, kwanza kwa ajili ya wadudu, pili kwa ajili ya mabonge.

Kwa walio Shinyanga, Simiyu au Mwanza, dengu ziko mlangoni. Hupandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea kuisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini, na sehemu kubwa ya mavuno hupakiwa kwenda hukohuko India. Hakuna haja ya kungoja zirudi zikiwa kwenye pakiti. Nunua zilizobanguliwa, zianike juani siku moja, zipeleke mashineni au zisage kwa blenda yenye nguvu na uchekeche mara mbili. Unga wa nyumbani huwa na chenga zaidi kidogo kuliko wa duka, na kwa kazi hii chenga ni faida, kwa sababu vipande hukaangika vikavu zaidi.

Mvuje unahitaji maelezo. Ninaosema hapa si majani ya mvuje tunayotia mchuzini. Ni utomvu mgumu wenye harufu kali, ambao Wahindi huuita hing, na ambao wazee wa Pwani wanaujua zaidi kwa kufungia watoto mkononi wasidhurike na jicho kuliko kwa kupikia. Ukiwa mbichi unanuka kweli. Ukipata moto harufu inageuka kuwa ya vitunguu vilivyokaangwa. Katika maduka ya viungo ya Wahindi huuzwa ukiwa unga ndani ya kikopo, na unga huo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usishikane. Kama unampikia mtu asiyekula ngano, soma kikopo au uuache kabisa. Kitunguu saumu kitabeba mzigo.

Unga wa mchele usiuruke. Dengu peke yake hukaangika ikawa laini baada ya muda mfupi. Mchele ndio unaofanya ukingo ubaki mkavu hata vipande vikipoa.

Kuosha na kukausha kotmiri

Sehemu hii ndiyo inayoharakishwa na ndiyo inayoharibu. Osha vicha vikiwa vizima, kwenye beseni lenye maji mengi. Tikisa, acha mchanga ushuke chini, kisha nyanyua majani uyatoe majini. Ukimwaga maji pamoja na majani juu ya chujio unarudisha mchanga ulioutoa. Badili maji mpaka chini ya beseni pawe safi. Kotmiri ya masika huhitaji zaidi ya mara tatu.

Halafu ikung'ute na uitandaze juu ya kanga safi, chini ya feni au penye upepo, mpaka majani yasilowanishe kiganja. Kwa Dar wakati wa joto, nusu saa inaweza kutosha. Penye baridi na unyevu ingoje zaidi. Ukiwa na haraka, fanya kazi hii usiku wa kuamkia siku ya kupika, uikunje ndani ya kitambaa kikavu na kuiweka kwenye friji. Asubuhi utaikuta kavu na imekaza.

Kata mizizi na sentimita tatu au nne za chini zilizokakamaa. Mashina yaliyobaki yaache. Wapo wanaokaa chini kuchambua jani moja moja, na ni kazi ya bure: mashina laini yana harufu nzito kuliko majani, na ndiyo yanayokipa kipande uhai ukikitafuna. Kata kila kitu kidogokidogo kwa kisu kikali. Blenda haina nafasi hapa, kwa sababu inasaga majani yakatoa maji yote, na hapo tunarudi kwenye tofali.

Chumvi itangulie unga

Tia kotmiri kwenye bakuli pana. Ongeza chumvi, sukari na ule mchanganyiko uliotwangwa wa pilipili, tangawizi na kitunguu saumu. Changanya kwa ncha za vidole, ukisugua kidogo, bila kukamua. Sasa iache dakika kumi na ufanye jambo jingine.

Ukirudi, lundo litakuwa limepungua karibu nusu, majani yameiva rangi na kulegea, na ukiinamisha bakuli utaona maji ya kijani yamejikusanya pembeni. Hayo ndiyo maji ya kukandia. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya majani, kwa hiyo yana ladha ambayo maji ya bomba hayana. Mapishi mengi huchanganya vyote kwa pamoja na kumwambia mpishi aongeze maji kiasi cha kutosha. Maji yakisha kuingia, majani yanaendelea kutoa ya kwao, na baada ya dakika tano donge lililokuwa sawa linakuwa rojo. Mpishi anaongeza unga. Mwisho anapata mkate wa dengu wenye madoa ya kijani.

Kukanda

Katika bakuli jingine changanya vitu vikavu: unga wa dengu uliochekechwa, unga wa mchele, manjano, pilipili ya unga, bizari nyembamba, giligilani, mvuje, ufuta na karanga. Mimina theluthi moja juu ya kotmiri, changanya, kisha theluthi ya pili, kisha iliyobaki. Mwanzoni utaona hauwezi kushika, chembechembe tupu. Usikimbilie maji. Endelea kubana na kuachia kwa mkono kwa dakika mbili, tia kijiko kile cha mafuta, bana tena. Kama bado linavunjika, nyunyiza maji kijiko kimoja kikubwa, ngoja, angalia. Mara nyingi viwili au vitatu vinamaliza kazi, na kotmiri ikiwa changa sana pengine hutahitaji hata kimoja.

Donge lililo tayari ukilifumbata linashika umbo la kiganja, nalo linaacha utando mwembamba tu kwenye vidole. Ni laini kuliko donge la chapati na linanata zaidi. Litazame na rangi: liwe kijani kilichopakwa njano. Ukiona njano imetawala, umezidisha unga, na tiba ni kukata kotmiri nyingine.

Usilionje likiwa bichi. Unga wa dengu usioiva ni mchungu na una harufu ya maharage mabichi, kwa hiyo hautakuambia ukweli kuhusu chumvi. Chukua kipande cha ukubwa wa karanga, kikaange kwenye matone ya mafuta, ndipo uonje. Ukiridhika, lisilale. Chumvi haijaacha kuvuta maji.

Paka mikono mafuta, gawa donge mara mbili, na kila nusu iviringishe iwe mche wa unene wa sentimita nne na urefu wa sentimita kumi na tano, umbo la sabuni ya kufulia iliyolainishwa pembe. Bana vizuri unapoviringisha ili kusiwe na mashimo ya hewa ndani. Mche mnene zaidi ya hapo huiva nje na kubaki mbichi katikati.

Mvuke

Huna haja ya chombo maalumu. Sufuria kubwa yenye mfuniko, maji ya kina cha sentimita tatu, bakuli la chuma lililofudikizwa katikati, na juu yake sahani au chujio la chuma lililopakwa mafuta. Sahani isiguse maji yakichemka, na pembeni pabaki nafasi ya mvuke kupita. Chujio ni bora kuliko sahani, kwa sababu mvuke unapita na chini hapakusanyiki maji.

Funga mfuniko kwa kitambaa, ncha zikiwa zimefungwa juu, mbali na moto. Bila kitambaa, matone yanayojikusanya chini ya mfuniko yataanguka juu ya miche na kuilainisha ngozi. Acha maji yachemke kwanza hadi mvuke utoke kwa nguvu, ndipo uweke miche, ikiachana sentimita mbili kwa sababu inaumuka kidogo. Moto uwe wa wastani. Dakika kumi na nane hadi ishirini zinatosha kwa unene tulioutaja. Kila unapofungua kuchungulia unarudisha saa nyuma, hivyo usifungue kabla ya dakika kumi na tano.

Ikiiva, ngozi inapoteza mng'ao wa unyevu na mche unakuwa mgumu ukiubonyeza. Chomeka kisu chembamba au njiti katikati: ikitoka na chembe kavu, sawa, ikitoka na utando unaonata, funika dakika tano zaidi. Wanga wa dengu lazima upate joto hadi katikati ndipo ushike, na kama haukushika hapa, mafuta hayataumalizia. Yatakaanga nje tu na kukuachia uchungu ndani.

Kuhusu rangi. Kijani kile cha kung'aa kitafifia kuwa cha zeituni. Ni kawaida ya majani yaliyopikwa. Wapo wanaotia magadi ya kupikia ili kijani kibaki na vadi iwe nyepesi, nami sioni faida yake: kidogo tu kikizidi kuna ladha ya sabuni. Ndimu nayo, kwa upande wake, hufifisha kijani haraka zaidi, kwa sababu ukali wake huharibu rangi ya majani kwenye moto. Ndiyo maana nimeiweka mezani na si ndani ya donge, ingawa majiko mengi ya Maharashtra hutia ukwaju kidogo pamoja na sukari guru, na wanaupenda hivyo. Ukifuata njia yao, hesabu maji ya ukwaju kuwa sehemu ya maji yako.

Kupoa

Toa miche, iweke juu ya ubao, uiache. Ipoe kabisa, saa nzima au zaidi. Ikiwa ya moto bado ni tepetepe, na kisu kitaivunja vipande vya ajabu. Ikipoa inakaza, na unaikata vizuri pasipo kumomonyoka. Ukiweza kuiacha kwenye friji usiku kucha, ni bora kuliko vyote. Wanaopokea wageni wengi nyumbani huipika kwa mvuke jana yake na kukaanga mgeni akishaketi.

Kata kwa kisu chembamba kilichopakwa mafuta, unene wa sentimita moja. Chembamba kuliko hapo hukauka mpaka ndani, na kinene zaidi hubaki na tumbo zito. Ncha mbili za mche huwa hazina umbo. Hizo ni za mpishi.

Kukaanga

Kuna namna mbili na zote ni halali. Ya kwanza ni mafuta machache kwenye kikaango cha chini, ya kina cha nusu sentimita. Yakipata moto, tupia nusu kijiko cha mbegu za haradali, ngoja zipasuke, tia ufuta kidogo, na papo hapo panga vipande juu yake. Ufuta na haradali vitaganda kwenye ngozi ya vadi. Kaanga dakika tatu au nne kila upande, kwenye moto wa wastani, bila kugeuzageuza. Kipande kinachong'ang'ania kikaango bado hakijawa tayari kugeuzwa. Kikishapata ngozi kinaachia chenyewe.

Ya pili ni mafuta mengi, nyuzi 170 hadi 180. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande kidogo: kikizama na kukaa chini, mafuta hayajawa tayari na vadi zitanywa, kikipanda juu na kutoa mapovu ya utulivu, ingiza. Kikiwa cheusi mara moja, punguza moto. Vipande vitano au sita kwa mkupuo, dakika mbili hadi tatu, uvitoe vikiwa kahawia ya dhahabu huku majani pembeni yamekuwa karibu meusi na makavu. Vitandaze kwenye chujio au waya, kwa sababu vikilaliana kwenye karatasi vinatoa jasho na kulainika.

Nikiambiwa nichague, nachukua mafuta machache. Yale mengi yanatoa ukavu pande zote, lakini haradali na ufuta uliogandia ngozi huwezi kuupata humo. Kwa anayekwepa mafuta, paka vipande mafuta kwa brashi uviweke kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika ishirini hadi ishirini na tano, ukivigeuza mara moja. Vinakuwa vizuri, ila vikavu zaidi, kwa hiyo visikose chatini.

Mezani

Kamulia ndimu vikiwa vya moto. Chatini ya ukwaju inakaa vizuri, na ile ya nazi, pilipili mbichi na ndimu tunayokulia bajia inakaa vizuri zaidi. Wenyewe watoto wa Mumbai hawaoni haya kuchovya kwenye tomato sosi. Ukiwa unavipeleka kwenye mlo kamili, wali mweupe na dali iliyopikwa kwa manjano na chumvi tu vinatosha. Usiweke mchuzi mwingine wenye viungo vingi kando yake, utafunika kotmiri uliyoihangaikia.

Njia ya mkato isiyo na mvuke

Asiyetaka habari za sufuria na bakuli la kufudikiza ana njia nyingine, na Maharashtra inatumika sana vilevile. Koroga kikombe cha unga wa dengu na kikombe kimoja na nusu cha maji, pamoja na unga wa mchele, karanga, ufuta, chumvi na viungo vya unga, mpaka kusiwe na bonge. Kwenye kikaango kizito pasha vijiko viwili vya mafuta, kaanga pilipili, tangawizi na kitunguu saumu, tia kotmiri, geuza dakika moja. Mimina ule mchanganyiko juu yake. Punguza moto na ukoroge bila kuacha mkono. Kwanza utakuwa mwepesi, ghafla utaganda, kisha utaanza kujitenga na kuta za kikaango. Funika dakika mbili au tatu kwenye moto mdogo sana, fungua, koroga tena. Ukiwa donge moja linalong'aa, lishindilie kwenye sinia lililopakwa mafuta, unene wa sentimita moja na nusu, lisawazishe kwa mgongo wa kijiko, liache lipoe, ukate vipande vya mraba na kukaanga.

Ndani yake ni laini zaidi, karibu kuyeyuka mdomoni, na huvunjika kirahisi kwenye mafuta mengi, hivyo ni ya kikaango cha mafuta machache. Mimi bado ni mtu wa mvuke, kwa sababu hapa maji ni mengi na kotmiri inabaki nyuma. Kwa jioni ya haraka lakini, inafaa.

Kubadilisha majani

Kotmiri ikipanda bei, majani ya uwatu yanafaa sana. Wagujarati wana muthia zao za uwatu huo, zenye unga wa dengu na wa ngano, zinazopikwa kwa mvuke vilevile. Uchungu wake unapendeza, ila ongeza sukari kidogo. Mumunye lililokunwa na kukamuliwa ni njia nyingine ya Wagujarati hao. Konzi ya nanaa ndani ya kotmiri inapendeza, zaidi ya konzi inakuwa dawa ya meno. Mchicha unakubali, lakini una maji mengi: utie chumvi, usubiri, kisha huo uukamue. Kisamvu usikijaribu kabisa. Kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, na dakika ishirini za mvuke hazitoshi.

Majani ya magimbi yana mtindo wake. Hupakwa rojo la unga wa dengu na ukwaju, yakapangwa moja juu ya jingine, yakakunjwa mche, yakapikwa kwa mvuke na kukatwa. Wamaharashtra wanaita alu vadi, Wagujarati patra. Ukwaju pale si wa ladha tu, maana majani hayo huwasha koo yasipotiwa kitu kikali na kuiva vizuri.

Kuhifadhi

Miche iliyokwisha pikwa kwa mvuke hukaa kwenye friji siku mbili hadi tatu, ikiwa imefungwa isikauke. Kwenye friza hukaa mwezi. Ikate vipande kabla ya kugandisha, uvipange sinia moja vigande kwanza, ndipo uvitie kwenye mfuko, la sivyo utapata bonge moja lisilotengana. Vikitoka kwenye friza viache dakika ishirini, ufute maji yaliyotokea juu kwa kitambaa, kisha kaanga kwa moto mdogo kidogo kuliko kawaida ili katikati pafike joto kabla ya nje kuungua. Vilivyokwisha kaangwa havina maisha marefu. Vikilala, vipashe moto kwenye kikaango kikavu, au vivunjevunje ndani ya mchuzi wa nyanya uliochemka na kitunguu, ule na chapati.